Naomba ushauri: pumzi za Sanchin katika Goju-ryu ni mazoezi au ni ibada?

Baba Binti:
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Binti yangu wa kidato cha pili anajifunza karate ya mtindo wa Goju-ryu. Mama mkwe alimkuta uani akipiga hatua za polepole, mwili mzima ameukaza, akitoa pumzi kwa sauti nzito, naye ameshikilia kwamba hayo ni matambiko ya Kichina. Sitaki kumvunjia mama heshima, wala kumkatisha mtoto jambo analolipenda. Wanaoijua asili ya mtindo huu, naomba mnieleze kama unagongana na imani ya dini.

Mkufunzi Mstaafu:
Ndugu, alichokiona mama ni kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) iitwayo Sanchin, na kuhusu China hakukosea. Kanryo Higaonna, mwenyeji wa Naha kisiwani Okinawa, alikwenda Fuzhou, mji wa China, katika karne ya 19, akajifunza mapigano ya mikono mitupu, kisha akarudi kufundisha kwao. Mrithi wake, Chojun Miyagi (1888–1953), ndiye aliyeupa mtindo jina. Inasimuliwa kwamba mwaka 1930 mwanafunzi wake Jin'an Shinzato alifanya maonyesho Tokyo, akaulizwa mtindo wake unaitwaje, akakosa la kujibu. Baadaye Miyagi akalichukua jina kutoka Bubishi, maandishi ya Kichina kuhusu mapigano, ambamo kuna shairi linalotaja ugumu (go) na ulaini (ju) katika kuvuta na kutoa pumzi. Falsafa yenyewe ndiyo hiyo: ngumi hukazwa inapofika, ilhali mkono unaokinga hulegea na kulifuata pigo la mpinzani hadi lipotee. Mtoto huanza kuielewa kwa misuli, maelezo yakafuata baadaye sana.

Mama wa Dojo:
Naongezea kwamba mwalimu akimpiga makofi mabegani na mapajani wakati wa Sanchin, anapima kama mwili umekaza sawasawa, hamwadhibu. La kuangalia ni pumzi: asiibane kifuani, maana kukaza mwili huku umezuia pumzi hupandisha presha. Mwombe bintiyo amwonyeshe bibi yake na Tensho, kata aliyoitunga Miyagi mwaka 1921, ambayo viganja viko wazi na mikono huzunguka kwa ulaini.

Mkanda wa Kahawia:
Wakuu, mmeeleza vyema, lakini tusimwambie ndugu yetu kwamba hakuna la kuuliza. Baadhi ya dojo, yaani kumbi za mazoezi, kwa kufuata desturi ya Kijapani, huweka ukutani kimadhabahu cha Kishinto, dini ya jadi ya Japani, na wanafunzi huinama kukielekea. Hilo si sehemu ya mbinu za Goju-ryu. Mimi ni Mwislamu. Nilimwomba sensei (mwalimu) wangu nisiinamie ukuta, nimsalimu yeye na mwenzangu tu, naye akakubali bila kinyongo. Nenda siku ya mazoezi, utazame kilichopo ukutani, umuulize mwalimu wanainamia nini.

Baba Binti:
Nawashukuru sana. Jumamosi nitakwenda pamoja na mama mkwe, na swali la ukuta nitamwachia yeye alitoe kwa mwalimu.