Kutazama No Country for Old Men peke yangu sinemani

Swali: Ndugu zangu, jumba la sinema la hapa mjini linarudisha filamu hii ya Joel na Ethan Coen ya mwaka 2007, na wenzangu wote wamekataa kwa sababu ya damu. Je, ukatili wake unavumilika ukiwa peke yako?

Jibu la 1: Nenda peke yako, dada. Filamu hii karibu haina muziki, hivyo Moss, mtu anayewindwa kwa sababu ya pesa alizookota, anapoketi gizani hotelini, akikodolea macho mwanga chini ya mlango na kivuli cha miguu ya Chigurh, muuaji anayemwinda, mnong'ono mmoja tu wa jirani ungekuharibia kila kitu.

Jibu la 2: Naafiki, ila jiandae kwa dakika za mwanzo, kwani askari ananyongwa kwa pingu na kamera haigeuki, baadaye muuaji huyo Chigurh anatumia chombo cha hewa cha machinjio ya ng'ombe. Waongozaji hawakutaka tuyazoee mauaji, nami nawaheshimu kwa hilo: kuelekea mwisho wanatuonyesha tu muuaji akikagua barazani kama soli za buti zake zina damu.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitakwenda onyesho la mchana.