Kutoa kiasi cha pesa kwenye meseji kwa Python: isdigit, split au findall?

mhazini_tanga
Wakuu, naombeni msaada. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu na michango inaingia kwa simu. Meseji zote nimezihamishia kwenye faili moja ili Python inijumlishie. Ziko hivi:

`Kumb 7K29 Umepokea TSh 45,000.00 salio TSh 112,300.00`

Ninachotaka ni ile 45,000 tu. Nimeona watu wanatumia isdigit, wengine split, wengine re.findall. Ipi niifuate? Hizi ni pesa za akina mama, sitaki kubahatisha.

kijana_wa_data
isdigit achana nayo, mkuu. Yenyewe inapima tu kama herufi ni tarakimu; ukichujia nayo meseji, unaokota kila tarakimu na kuzibandika pamoja. Meseji yako hiyo itakupa 729450000011230000: kumbukumbu, mchango, salio na senti, vyote kitu kimoja. Na programu haitalalamika.

Mimi natumia split, inayokata meseji kuwa orodha ya maneno. Meseji ikiwa m, `m.split()[4]` (neno la tano, maana Python inahesabu kuanzia 0) inakupa "45,000.00", unaondoa koma kwa replace, kazi imekwisha. Hata asiyejua programu anaisoma akaelewa.

bi_msimbo
Kaka, split inataka maneno yakae palepale siku zote. Likiongezwa neno moja katikati, nafasi ya 4 inakuwa kitu kingine. Na `re.findall(r'\d+', m)`, inayookota kila mfululizo wa tarakimu (\d ni tarakimu), inakatia kwenye koma na nukta: 7, 29, 45, 000, 00, halafu salio nalo vipande vipande. Utaunganishaje?

Shika neno linalotangulia pesa:

`re.search(r'Umepokea TSh\s*([\d,]+(?:\.\d+)?)', m)`

Salio halitanguliwi na "Umepokea", kwa hiyo haliguswi. Chukua group(1), yaani kilichonaswa na mabano ya kwanza, ondoa koma, kisha tumia Decimal (namba za desimali kamili), si float (namba za kukadiria). Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python uone: 0.30000000000000004. Kwenye daftari la kikoba hilo halikubaliki.

kijana_wa_data
Kwa Decimal nakuunga mkono, dada. Split bado naitetea kwa faili dogo unaloweza kulipitia kwa macho.

juma_js
Wa JavaScript muwe macho. `parseFloat("45,000.00")` inarudisha 45, kimya kabisa! Mtu kachanga elfu arobaini na tano, wewe unamwandikia shilingi arobaini na tano. `Number("45,000.00")` inarudisha NaN (yaani "si namba"), na hiyo ni afadhali mara mia kwa sababu unajua kuna tatizo.

mtu_wa_maskati
Nipo Oman. Huku rial moja ni baisa 1000, kwa hiyo bei huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta: 12.500 ni rial kumi na mbili na nusu. Ukizoea kufuta koma na nukta zote kwa pamoja, umemtoza mtu mara elfu. Jingine, \d ya Python 3 inazikubali hata tarakimu za Kiarabu, na `int("٤٥")` inakupa 45. \d ya JavaScript inajua 0 hadi 9 tu.

mhazini_tanga
Asanteni sana. Nimetumia ya bi_msimbo. Ilisimama kwenye meseji ya 17, search imerudisha None, yaani haikupata kitu. Kuifungua, naona "Umepokea kiasi cha TSh 20,000.00". Kwa split ningepata neno "cha". Nimeongeza `(?:kiasi cha )?` (maneno hayo yawepo au yasiwepo) kabla ya TSh, zote 61 zimepita, na jumla imelingana na daftari la mkono.