Gumzo la familia: bajeti na injini ya gari la kujiunganishia nyumbani

Mimi: Shikamooni wazee wangu, na ninyi ndugu zangu, hamjambo. Kama nilivyoahidi, naleta kikundini mpango wa gari ninalotaka kuliunganisha mwenyewe: gari dogo la wazi la viti viwili, lenye injini mbele na magurudumu ya nyuma yanayosukuma, kwa mtindo ulioanzishwa na Lotus Seven mwaka 1957. Chesisi na bodi nitanunua kama seti, na vilivyobaki nitavitoa kwenye gari moja lililotumika. Kabla sijalipa chochote, naomba tuafikiane juu ya mambo mawili: fedha zote zitakazohitajika mpaka gari litembee barabarani kihalali, na injini nitakayoifunga.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Nimeisoma karatasi ya hesabu uliyonitumia. Umeandika bei ya seti, bei ya injini, halafu mstari mmoja tu unaosema "mengineyo". Huo mstari wa tatu ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu seti nyingi huuzwa bila tairi, rimu, viti, mikanda ya usalama, rejeta, nyaya, egzosi wala mabomba ya breki, na kila kimoja kati ya hivyo kina bei yake. Naomba ukifungulie kila kitu mstari wake, hata bolti na nati, maana bolti za daraja la 8.8 na 10.9 zinazoshika sospenshoni na mikanda hazipaswi kuokotwa kwenye kopo la vyuma chakavu.

Mimi: Nimekuelewa, Shangazi. Nitaipanua leo. Niliacha hivyo kwa sababu sijachagua injini, na nimeona kwamba injini ndiyo inayoamua mistari mingi ya chini yake.

Binamu: Ndugu yangu, mimi ningependa ufikirie V8, yaani injini ya silinda nane. Ile LS1 ya General Motors, iliyotoka na Corvette ya mwaka 1997, ina lita 5.7, bloku yake ni ya alumini, na hutoa karibu nguvu za farasi 345 bila kuguswa. Ukishapata nafasi ya kujenga gari kwa mikono yako mwenyewe, kwa nini ufunge injini ya kawaida?

Mjomba: Naomba nijibu kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo miradi mingi hukwama. Mpwa wangu, anza na uzito, kisha ndipo uje kwenye nguvu. Gari la aina unayotaka, likiwa na injini ndogo, huwa na takribani kilo 600 likiwa tayari. Ukilifungia injini ya nguvu za farasi 120 tu, utapata nguvu za farasi 200 kwa kila tani. Gari la kawaida la familia lenye kilo 1,400 lingehitaji nguvu za farasi 280 ili kulingana nalo. Ile Lotus Seven ya kwanza yenyewe ilitoka na injini ya Ford ya sentimita za ujazo 1,172, yenye nguvu za farasi 40 hivi, na watu waliipenda kwa sababu ilikuwa nyepesi, si kwa sababu ilikuwa na nguvu.

Sasa chukua hiyo V8. Nakubali kwamba kwa ukubwa wake ni nyepesi, lakini bado inakaribia kilo 200 kabla hujahesabu giaboksi, na uzito huo wote unakaa mbele. Ukiifunga, difu ya gari dogo haitastahimili, shafti za magurudumu hazitastahimili, breki zitabidi ziwe kubwa, tairi zitabidi ziwe pana, rejeta itabidi iongezwe, na mara nyingi chesisi yenyewe itabidi iagizwe ya aina nyingine. Injini hununuliwa mara moja, lakini kila kilichounganishwa nayo hununuliwa kwa kipimo chake. Kwa gari kubwa zaidi, kama zile nakala za gari la michezo la AC Cobra, V8 ni mahali pake na nisingeipinga. Kwa hili, hapana.

Binamu: Hoja ya uzito naikubali, Mjomba. Basi vipi injini ya pikipiki? Suzuki Hayabusa ya mwaka 1999 ina sentimita za ujazo 1,299, inazidi nguvu za farasi 150, ina giaboksi ya gia sita ndani yake, na uzito wake ni mdogo kuliko wa injini nyingi za gari hata kabla hizo hazijafungiwa giaboksi.

Mjomba: Hilo ni pendekezo la maana, na kwa mtu anayejenga gari la mashindano tu ningemwambia alifuate. Lakini yapo mambo matatu ambayo yataingia kwenye karatasi ya Shangazi. Kwanza, giaboksi ya pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, kwa hiyo utanunua kisanduku cha pembeni cha kugeuza mwendo au mota ya umeme ya kulirudisha gari, na katika nchi nyingi ukaguzi hautakupitisha bila mojawapo. Pili, klachi yake ilitengenezwa kusukuma chombo cha kilo 250 hivi, mbali na mpanda, nawe utaidai iondoe gari zima kutoka kusimama, kila siku, kwenye foleni na kwenye mlima.

La tatu ndilo zito zaidi. Pikipiki inapoingia konani hulala upande, kwa hiyo oili hubaki chini ya injini, pale pampu inapoifyonza. Gari halilali. Oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, pampu inafyonza hewa, na beringi za krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, zinakatika kwa sekunde chache bila dalili ya kutosha ya kukuonya. Dawa yake ni sampu yenye vizuizi vya ndani, au mfumo mzima wa oili wenye tangi la nje. Vyote viwili vipo na vinafanya kazi, lakini tangi la nje pamoja na pampu zake linaweza kukugharimu fedha nyingi kushinda injini yenyewe.

Tena kumbuka kwamba nguvu ni torki, yaani msukumo wa kuzungusha, ikizidishwa na kasi ya krenki. Torki ya nyutoni-mita 150 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika inakupa kilowati 94. Injini ya pikipiki hupata nguvu zake kubwa kwa kuzunguka haraka zaidi, kwa hiyo itakubidi uendeshe huku inalia muda wote. Wapo wanaofurahia hivyo kwa nusu saa. Wewe umesema unataka gari la safari.

Mama: Mimi sijui habari za torki, ila nauliza jambo moja. Breki za gari hilo zitatoka wapi, na zitakuwa zimepimwa na nani?

Mjomba: Swali zuri, dada. Zitatoka kwenye gari lile lile litakalotoa injini, na kwa kuwa gari hilo lilikuwa na uzito mkubwa zaidi, breki zake zitakuwa na uwezo wa ziada. Kitakachohitaji uangalifu ni uwiano wa mbele na nyuma, kwa sababu gari jipya litakuwa limegawanya uzito wake kwa namna tofauti, na magurudumu ya nyuma hayatakiwi kufunga kabla ya yale ya mbele. Mpira wa breki, kalipa na pampu kuu ya breki vinunuliwe vipya au vifanyiwe ukarabati kamili. Hapo tusibane fedha kabisa.

Mama: Nimeridhika. Mstari huo wa breki uandikwe peke yake, nami nitausimamia.

Baba: Na upande wa sheria? Isije ikawa gari limekamilika halafu likakataliwa kusajiliwa.

Mimi: Nimeanza kulifuatilia, Baba. Kila nchi ina utaratibu wake wa kukagua magari yaliyojengwa nyumbani. Ninachotaka kukipata kwa maandishi ni kama kipimo cha moshi kitafuata umri wa injini au tarehe ya usajili wa gari, kwa sababu jibu hilo linaweza kunilazimisha kuweka kichujio cha moshi chenye kichocheo pamoja na kihisi cha oksijeni. Kama ni hivyo, kabureta zote zinaondoka mezani, nami nitabaki na injini yenye nozeli na kompyuta yake.

Baba: Usiagize kitu mpaka jibu hilo liwe mkononi. Na risiti zote zitunzwe, pamoja na karatasi za umiliki za gari litakalofumuliwa, maana mkaguzi atataka kujua kila namba ya injini imetoka wapi.

Mimi: Nitafanya hivyo. Sasa niseme zilizobaki katika orodha yangu. Ya kwanza ni injini ya Mazda MX-5, ya 1.6 au 1.8. Ya pili ni 4A-GE ya Toyota, yenye camu mbili na valvu 16. Ya tatu ni Duratec ya Ford, ambayo bloku yake ni ya alumini. Kwa moyo wangu naipenda 4A-GE kwa jinsi inavyopanda mizunguko.

Mjomba: Zote tatu ni injini nzuri, kwa hiyo tusizilinganishe kwa uzuri wake. Tuulize kila moja imekaaje katika gari ilimotoka. 4A-GE iliyokaa kwa urefu wa gari, ikiwa na giaboksi ya kusukuma nyuma, ndiyo ile ya Toyota AE86, na gari hilo lilitengenezwa kuanzia 1983 mpaka 1987. Nyingine nyingi zilikaa mkingamo, zikivuta magurudumu ya mbele. Ukipata ya mkingamo utahitaji giaboksi ya gari jingine, nyumba ya klachi ya kuziunganisha, na pengine kubadilisha njia za maji. Kuhusu Duratec, yenyewe nayo kwa kawaida imekaa mkingamo, ingawa ni ukoo mmoja na injini iliyofungwa kwa urefu katika MX-5 ya kizazi cha tatu, ile ya kuanzia 2005.

MX-5, kwa upande wake, tangu ilipotoka mwaka 1989 ina kila kitu kikiwa kimeelekea unakotaka: injini kwa urefu, giaboksi nyuma yake, propela, difu, sospenshoni huru kila gurudumu, na nyaya zinazozijua hizo zote. Ukinunua gari zima linalotembea, unapata hata kanyagio, nguzo ya usukani, pampu ya mafuta na ufunguo unaokubaliana na kompyuta. Hilo la ufunguo lisipuuzwe. Kuna watu wamenunua injini safi kabisa, kisha wakakuta kompyuta yake inakataa kuwasha kwa sababu inatafuta ufunguo uliobaki kwenye gari jingine.

Shangazi: Kwa hiyo gari zima ni nafuu kuliko injini peke yake?

Mjomba: Bei yake kwenye karatasi ni kubwa, lakini jumla ya mwisho huwa ndogo. Na milango, vioo, boneti na viti vyake huuzwa tena.

Shangazi: Vizuri, ila fedha ya kuuza mabaki haitaingia kwenye bajeti mpaka iwe mkononi. Basi nimejaribu kugawa kiasi chote katika sehemu 100. Seti ichukue 35. Gari la kufumua, pamoja na ukarabati wa injini, giaboksi na breki, lichukue 22, na breki ziwe na mstari wake kama Mama yake alivyosema. Tairi, rimu, viti na mikanda 13. Rejeta, nyaya, egzosi na mabomba 8. Ukaguzi, usajili na bima 4. Vifaa vya kazi na kukodi winchi ya kushushia injini 3. Akiba 15.

Mjomba: Akiba iwe 20, kwa sababu vitu vidogo vidogo vya mwisho ndivyo humaliza watu. Hizo tano zitoke kwenye tairi na rimu: atumie rimu za gari lile lile kwa mwaka wa kwanza. Halafu bodi iagizwe ikiwa na rangi ndani ya jelikoti yake, ule utando wa juu wa bodi ya faibaglasi, ili asilipie kupiga rangi.

Mimi: Nakubali yote mawili, na naiacha 4A-GE. Itakuwa MX-5, nami naelekea kwenye 1.8.

Binamu: Nami nimekubali, ndugu yangu. Niko tayari kuzunguka kutafuta gari lenyewe. Mjomba, niangalie nini nikilipata?

Mjomba: Kwanza, ikute injini ikiwa ya baridi, usikubali iliyokwisha kupashwa moto kabla hujafika. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama maziwa, shuku gasketi ya silinda hedi. Ikishapata moto, pima mgandamizo wa silinda zote nne, plagi zote zikiwa nje na kanyagio la mafuta likiwa limekanyagwa mpaka mwisho: zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10. Kama ni 1.6 ya mwanzo, ya mpaka 1991, kagua puli ya chini kwa makini, kwa kuwa baadhi zilikuwa na pua fupi ya krenki inayoweza kulegea na kuharibika. Kutu ya bodi isikutishe, kwa kuwa bodi haiji nyumbani kwetu; itumie kupunguzia bei. Lakini mkanda wa taimingi tutaubadilisha bila kujali muuzaji amesema nini.

Mimi: Binamu, nisubiri kidogo kabla hujaenda. Nawaandikia watengenezaji wa seti ili waniambie chesisi yao inapokea difu na sospenshoni za miaka ipi, kina cha sampu kinachoruhusiwa, na nguzo ya usukani inapita upande gani wa egzosi. Wakijibu nitaweka vipimo hapa, nawe utafute miaka hiyo tu.

Shangazi: Na karatasi mpya ya hesabu?

Mimi: Naituma usiku huu, Shangazi, ikiwa na mstari mmoja kwa kila kitu.