Mdogo wangu anabwia unga, mama anataka kumpeleka kijijini. Nifanyeje?

Dada Mkubwa: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 26, alikuwa fundi rangi wa magari, mzuri tu. Alianza na kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, sasa ni unga wenyewe (heroini) kila siku. Maskani yao, kijiwe cha wabwia unga, iko nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Temeke. Akijitahidi kulala ndani, wanampigia mluzi dirishani. Wiki iliyopita sufuria za mama zimeishia kwa muuza skrepa.

Mama ameshakata tiketi ya basi la Jumamosi, akakae kwa mjomba Handeni alime. Mimi nasita. Mwezi wa tatu tulimfungia ndani, arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikamshika siku ya pili: kutapika, kuharisha, mifupa inauma hadi analia. Akaruka ukuta.

Mkulima Halisi: Mama yuko sahihi. Jembe litamtoa. Huko kete ya unga ataipata wapi?

Teja Mstaafu: Mkulima, kaka, mimi nilipelekwa Singida. Nilikaa miezi minane, nikanenepa, kila mtu akashangilia. Unga sikuupata, gongo niliipata. Niliporudi mjini, siku ya kwanza nikavuta kipimo changu cha zamani. Mwili ulishakisahau. Niliamka hospitali, wenzangu wawili waliofanya hivyo hawakuamka.

Dada, pole sana. Mtoe hapo, nakubali, ila dawa ianze kwanza. Methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, inatolewa bure, Muhimbili walianza mwaka 2011, na hapo kwenu Temeke hospitali ya rufaa wanayo. Anainywa mbele ya mhudumu, kila siku, sikukuu pia. Ile arosto inatulia, ndipo mtu anaweza kusikia unachomwambia. Sasa ukimpeleka kijijini, nani atampa dozi?

Mama Wawili: Kwa hiyo aendelee kulala jirani na maskani?

Teja Mstaafu: Hapana, mama. Ahamie kwa ndugu mwingine humu humu Dar, mahali ambapo daladala moja inamfikisha kliniki. Abadilishe laini ya simu. Nauli apewe ya siku hiyo tu, akiwa na ndugu wa kumsindikiza wiki za mwanzo. Handeni ije baadaye, akishatulia, na aulize kliniki kwanza kuhusu uhamisho.

Dada Mkubwa: Shangazi yuko Mbagala, amekubali kumpokea. Mdogo wangu mwenyewe kasema atakwenda Jumatatu, ila nikimwambia mama habari za methadoni anasema tunambadilishia unga kwa unga.

Teja Mstaafu: Mama yangu alisema hivyo hivyo. Usibishane naye, nenda naye Jumatatu akae benchi saa sita asubuhi hiyo aone vijana wanavyokunywa dawa wakaenda kazini.

Mama Wawili: Saa kumi na mbili, kaka, sio sita 😄

Teja Mstaafu: Kumi na mbili, ndiyo. Na tiketi ya basi isogezwe mbele, nauli isipotee bure.