Mjadala: Juisi ya zabibu ya Dodoma ipimwe mabaki ya viuatilifu kwa njia ipi?

Mchangiaji aliyenitangulia anadai kwamba njia za kuzidua viuatilifu (yaani kuvitoa ndani ya sampuli ili vipimwe) bila kuchafua mazingira ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba maabara zetu zibaki na viyeyushi zilivyovizoea. Naipinga hoja hiyo, ingawa si kwa sababu ambazo watetezi wa njia hizo hupenda kuzitanguliza.

Uziduaji wa zamani ulimaliza mamia ya mililita za kiyeyushi kama daikloromethani kwa sampuli moja. QuEChERS, njia ya haraka ya uziduaji iliyochapishwa mwaka 2003, iliteremsha kiasi hicho hadi mililita 10 za asetonitraili kwa gramu 10 za sampuli. Zipo sasa njia zinazotumia chini ya mililita moja ya kimiminika kinachotokana na kuchanganya mentoli na asidi ya mafuta: kinarushwa kwa nguvu ndani ya juisi, juisi inakuwa kama maziwa, inazungushwa kwa kasi, kisha tone linaloelea juu, likiwa limebeba viuatilifu, linafyonzwa kwa sindano. Kiyeyushi kinachotumika kwa lita hununuliwa kwa gharama, na kukiteketeza ni gharama ya pili. Anasa iko wapi hapo?

Wasiwasi wangu uko kwingine. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, hapa Dodoma, hupambana zaidi na ukungu, yaani ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na miongoni mwa dawa za maradhi hayo ni salfa na mankozebu. Mankozebu haiyeyuki vizuri katika viyeyushi vya kawaida, tena huvunjika upesi, hivyo QuEChERS ya kawaida haiikamati, na sioni tone la mentoli litaikamataje. Hupimwa kwa kuipasha sampuli moto pamoja na asidi, kisha kupima mvuke wa kaboni disalfaidi unaotoka mankozebu inapovunjika. Maabara isiyofanya kipimo hicho cha pembeni inaweza kuandika kwa uaminifu kabisa kwamba haikuona kitu.

Kwa hiyo, kabla TBS, inayosimamia usalama wa chakula, na TPHPA, inayosimamia viuatilifu, hazijachagua njia, iandikwe orodha ya dawa zinazopuliziwa mashambani humu, msimu kwa msimu. Je, kati yenu yupo mwenye kumbukumbu za upuliziaji za shamba lake, hata la ekari moja?