Mpira wa kupumulia unatema oili: kopo, valvu, au kurudisha boksi la filta?

Mwendo_wa_Saa

Wakuu, habari. Nina pikipiki ya zamani ya silinda mbili, 650 cc, ya kabureta, pistoni zote mbili zinapanda na kushuka pamoja. Aliyeimiliki kabla yangu aliondoa boksi la filta ya hewa akafunga filta mbili ndogo kwenye midomo ya kabureta. Mpira wa kupumulia wa krenkesi (kasha la krenki) ukabaki unaning'inia nyuma ya injini. Mwendo wa polepole unatoa mvuke tu, lakini nikishika barabara ndefu kwa kasi ya kudumu, oili inatoka na kupaka swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na rimu ya nyuma. Tairi bado kavu, na sitaki kusubiri lilowe.

Ninazozijua ni hizi: kurefusha mpira hadi nyuma kabisa, kufunga kifilta kidogo mwishoni, kuweka kopo la kukusanyia oili, kuweka valvu ya njia moja, au kutafuta boksi la filta la asili. Mliowahi kuzitumia, ipi inapunguza oili inayotoka, na ipi inahamisha uchafu tu?

Kijiti_cha_Oili

Mkuu, usinunue chochote kabla ya kujua kama injini inapumua au inavuja kwa ndani. Hata injini nzima hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni, na gesi hiyo lazima itoke. Ringi zikichoka gesi inakuwa nyingi, na hapo kopo lolote litajaa.

Anza na kiasi cha oili. Soma kijiti pikipiki ikiwa imesimama wima, na angalia kitabu chake kama kijiti kinachovya tu au kinakazwa kwanza, maana tofauti ya hapo inatosha kukufanya ujaze kupita kiasi. Injini ikijazwa mno, krenki inapiga oili na kuigeuza ukungu, na ukungu huo ndio unaotoka. Wenye BMW za zamani za silinda mbili za ubavuni wanalijua hili vizuri: ukijaza hadi alama ya juu, oili ya juu inatoka yenyewe, kisha inatulia katikati ya alama.

Kisha pima kompresheni, injini ikiwa moto, mkono wa mafuta (throttle) umevutwa hadi mwisho. Weka oili kijiko kimoja kidogo kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda na silinda zote mbili zinakaribiana, endelea na mambo ya mpira.

Angalia pia rangi ya kinachotoka. Uji mweupe ni maji yaliyochanganyika na oili, kawaida ya injini inayoendeshwa safari fupi bila kupata moto. Oili nyeusi nyingi pamoja na moshi wa buluu ni habari nyingine.

Fundi_Pistoni

Naunga mkono, halafu niongeze kwa nini injini ya aina yako inapumua sana. Kwenye silinda nne za mstari, pistoni mbili zinapanda wakati mbili zinashuka, kwa hiyo ujazo wa krenkesi haubadiliki sana. Kwako zote zinashuka pamoja. Kila mzunguko wa krenki, 650 cc za hewa zinasukumwa zitoke na 650 cc zinavutwa zirudi. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni mara 50 kwa sekunde. Silinda moja kubwa ina shida hiyohiyo, na BMW zile alizozitaja Kijiti pia, kwa sababu pistoni zao zinakwenda nje pamoja na kurudi ndani pamoja.

Ndiyo maana kwa injini yako mimi naanza na valvu ya njia moja. Pistoni zikishuka inafunguka, zikipanda inajifunga. Baada ya muda mfupi krenkesi inabaki na shinikizo dogo kuliko la nje, na hewa inayopita kwenye mpira inapungua mno: inatoka ile tu iliyopenya kwenye ringi, hairudi ndani na kutoka tena. Hewa ikipungua, ukungu wa oili unaobebwa nayo unapungua. Faida ya pili ni kwamba sili za krenki na gasketi zilizokuwa zikitoa jasho mara nyingi hukauka.

Masharti mawili. Iwe karibu na krenkesi kadiri inavyowezekana, kwa sababu ukiacha mpira mrefu kati yake na injini, hewa iliyomo inabanwa na kutanuka tu na valvu haipati kazi. Na iwe nyepesi kufunguka. Valvu ya ulimi, ile ya bamba jembamba kama za injini za mipigo miwili, inaweza kufuata kasi hiyo. Ile ya mpira wa servo ya breki za gari watu wanaifunga, na kwa mwendo mdogo inasaidia, ila ni nzito. PCV ya gari (valvu inayorudisha gesi ya krenkesi kwenye injini) achana nayo hapa. Ile imepimwa ifanye kazi na mvuto wa manifoldi (bomba la kuingizia hewa) ya gari, wewe huna mvuto huo.

Vumbi_Jekundu

Kifilta kidogo mwishoni mwa mpira: hapana. Kinalowa oili, kinashika vumbi, kinaanza kudondosha. Kisipodondosha, kimeziba. Mpira ukiziba, shinikizo linatafuta njia kwenye sili, na sili ya krenki ni kazi kubwa kuliko kufuta swingamu.

Mzee_Kabureta

Vijana, salamu. Mimi bado naamini mpira mpana, mrefu, uliopanda juu kwanza kabla ya kurudi nyuma, unatosha. Zamani tulielekeza mdomo wake kwenye cheni na cheni ikapata mafuta bure. Mnaongeza vitu vingi kwenye injini ambayo mwenye kuitengeneza alishaifikiria.

Bi_Cheni

Shikamoo mzee. Upana na kupanda kwanza ni kweli kabisa, na wengi wanalipuuza. Ukizidisha kipenyo cha mpira mara mbili, kasi ya hewa ndani yake inashuka hadi robo, na matone yanapata nafasi ya kurudi injini yenyewe. Triumph walifanya jambo la jamii hiyo mwaka 1970 kwenye 650 zao. Waliacha valvu ya kuzunguka iliyokuwa mwishoni mwa kamshafti, wakaiacha krenkesi ipumue kupitia kasha la cheni ya praimari, ile inayounganisha krenki na klachi. Lile kasha ni chumba kikubwa, hewa inatulia humo, oili inaanguka.

Kwenye cheni ndipo tunapotofautiana, mzee wangu. Ukungu hauchagui, unapaka cheni na tairi pamoja, na tairi la nyuma lililolowa oili kwenye kona halina onyo. Tena mdomo ulio wazi unatoa gesi chafu hewani. Marekani ilipiga marufuku hilo kwa pikipiki mpya, ndiyo maana tangu hapo karibu kila mpira unaishia kwenye boksi la filta.

Sasa kopo, maana hilo ndilo nililo nalo. Kopo tupu lenye matundu mawili ni duni: hewa inaingia huku na kutokea kule, oili imo. Linalofanya kazi lina haya: mdomo wa kuingilia unaelekea ukutani au kwenye kizuizi ili matone yagonge na kuteremka, ndani kuna wavu wa chuma kisichoshika kutu, mdomo wa kutokea uko juu kabisa na si mwembamba kuliko mpira, chini kuna koki ya kumwagia. Usijaze nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zinakatika vipande, na injini inapovuta hewa huenda vikarudi ndani. Lifunge mbali na ekzosi, mahali penye upepo, kwa sababu ubaridi ndio unaogeuza mvuke kuwa tone. Kwenye mbio za barabara za FIM (shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki), kopo la mpira wa injini limekuwa likitakiwa lisipungue 500 cc, na kwa matumizi ya kawaida naona huo ni ujazo mzuri wa kulenga.

Kinachokusanyika usikirudishe kwenye injini. Kina maji, petroli na asidi.

Kijiti_cha_Oili

Kuhusu boksi la asili, tusilipite haraka. Mvuto mdogo wa boksi unasaidia krenkesi kutoa hewa, gesi inachomwa, na chini kuna kimpira cha kumwagia oili iliyotua, ambacho watu wengi hawajawahi kukifungua. Ubaya wake ni filta. Ya karatasi ikilowa oili haipumui tena, na oili nyingi ikiingia kwenye silinda inaleta kaboni na kufanya injini igonge mapema. Harley-Davidson walipohamishia pumzi ya injini zao kubwa kwenye vichwa vya silinda mwaka 1993 na kuielekeza kwenye filta, wamiliki wengi wakaanza kuona filta zimelowa. Kwa hiyo hata boksi linapendeza likiwa na kopo mbele yake.

Mwendo_wa_Saa

Asanteni sana, mzee wetu na wewe. Nimepima. Silinda zinakaribiana, na kijiko cha oili hakikubadilisha kitu cha maana, kwa hiyo ringi naziacha. Kiwango cha oili kilikuwa juu ya alama, nimekishusha hadi katikati na mwagiko umepungua, ila kwa kasi haujaisha. Nafunga valvu ya ulimi kwenye shina la kupumulia, kisha mpira mpana unaopanda hadi chini ya siti, kisha kopo lenye wavu. Boksi nikilipata, mdomo wa kopo utaingia humo.

Swali moja: pikipiki ikikaa wiki kadhaa, nikiwasha inatema nyingi ghafla halafu inatulia. Hiyo nayo ni valvu?

Fundi_Pistoni

Inategemea oili yako inakaa wapi. Kama iko kwenye tangi la pembeni, inateremka taratibu kupitia pampu na kujaza krenkesi, na ukiwasha krenki inaitupa nje yote. Hapo kagua valvu ndogo ya kuzuia kwenye njia ya oili au pampu yenyewe, na kabla ya kuwasha baada ya kukaa muda mrefu, mwaga ya chini uirudishe tangini kama ni safi. Kama oili yote iko chini ya injini, soma kijiti upya injini ikiwa baridi, huenda bado umezidisha.

Na ukishafunga ile valvu, vuta kwa mdomo upande wa nje kabla ya kukaza klipu: hewa ipite. Puliza: isipite. Ikifungwa kinyume inaijaza krenkesi shinikizo badala ya kulitoa, na sili ya kwanza dhaifu itatoka.