Kwa nini Zakir Hussain anaongea kabla ya kupiga tabla?

Wadau habari zenu, jana nimeangalia dokumentari ya marehemu Zakir Hussain, yule fundi wa India wa tabla (zile ngoma mbili za kupigwa kwa mikono), sasa mbona kabla hajapiga anatamka dha dhin dhin dha, ni wimbo au?

— Hapana mkuu, hizo zinaitwa bol, kila pigo lina jina lake, mwanafunzi anatamka kwanza ndo mkono unafuata. Zakir mwenyewe alisimulia kwamba akiwa kichanga, Mumbai 1951, baba yake Alla Rakha alimsomea midundo sikioni badala ya dua.

— Duh hiyo ya baba yake imenigusa sana. Mi napenda ile ngoma ya kushoto inavyoguna, anaiminya kwa kiganja sauti inapanda inashuka. Ukisikiliza tintal, yaani mzunguko wa mdundo unaojirudia, hesabu mapigo 16, halafu wanamuziki wote wanakutana tena pale kwenye la kwanza, raha sana!